Kesi Iliyochukuliwa Lubungani

Walimleta Isidore juu ya mlango. Watu wanne walikuwa wameung'oa kwenye kibanda cha shambani ili wapate cha kumbebea, na Marthe, aliyekuwa nyuma ya nyumba anamenya muhogo, aliutambua mlango kabla ya kumtambua mumewe. Isidore alikuwa anapumua, lakini hakuweza kusema. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umevimba. Marthe alimwita kwa jina, akamwita tena kwa jina la binti yao, "Baba Aline, Baba Aline," kwa sababu hilo ndilo aliloliitikia upesi siku zote. Hakuitika. Jua halijazama, alikuwa amekwisha kukata roho.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1995, kijijini Lubondja. Kila kiangazi wafugaji wa mlimani, wasemao Kinyarwanda, walishuka na ng'ombe wao kutafuta majani mabichi bondeni. Jambo hilo lilikuwa na taratibu zake tangu zamani. Walimsalimu mwenye ardhi, walionyeshwa njia ya kupita, na shamba likiliwa watu walikaa wakazungumza. Isidore mwenyewe alikuwa na marafiki huko juu, na maziwa yao aliyapenda kuliko pombe. Lakini mwaka ule kulikuwa na maneno mengi. Redio na wakubwa wa mjini walikuwa wameanza kusema kwamba watu wale si wa nchi hii, na hata salamu za njiani zilikuwa zimekuwa fupi. Siku hiyo ng'ombe waliingia kwenye muhogo wa Isidore. Alikuwa peke yake. Alimkata ng'ombe mmoja mguu kwa panga, na kijana aliyekuwa akiwachunga akampiga fimbo ya kichwa. Watu walijua hayo tu, kutokana na ng'ombe aliyelala pale na alama za miguu ardhini. Aliyejua yote alikuwa amekimbia.

Kesho yake, watu wakiwa bado wamekaa matangani, mwanamke mmoja mrefu aliingia kijijini akimshika mkono kijana. Alikuwa Mukarurangwa, mjane wa mlimani, na kijana alikuwa Gakunzi, mwanawe wa pekee. Vijana wa Lubondja waliinuka na mapanga. Mama hakurudi nyuma. Alikwenda moja kwa moja mpaka lubungani.

Lubunga ni banda la wanaume wa Kibembe, halina kuta, na katikati yake kuna moto. Hapo wanaume hula pamoja, na hapo ndipo kesi hukatwa. Mwanamke haingii ovyo, sembuse mgeni. Mukarurangwa alisimama ukingoni mwa paa.

"Bazee," alisema kwa Kiswahili cha upande ule, "mutoto wangu njo alipiga ule muntu. Mi mwenyewe namuleta. Mukitaka kumuua, muniue kwanza. Lakini mukitaka kumusikia, iko hapa."

Vijana walipiga kelele. Mzee Wilondja, aliyekuwa mkubwa wa lubunga, aliwanyamazisha, akamwambia Gakunzi aketi. Kijana aliketi. 

Wazee walipanga mambo kama yalivyopangwa siku zote. Baada ya matanga, jamaa za pande zote mbili wangekutana. Gakunzi angesema kwa kinywa chake, mbele ya wote, jinsi ilivyokuwa, neno kwa neno, wala asingekatizwa. Jamaa yake wangeleta mtamba wa fidia. Kisha Marthe, mjane wa marehemu, akikubali, angempa kijana maji anywe, na tangu siku hiyo kijana angehesabiwa mtoto wa nyumba ile, angelima shamba la marehemu kila msimu mpaka mjane azeeke. Asipokubali, wangekaa tena, na tena.

Mwanzoni Marthe alisema hataki mtamba wala maji. Alimwambia shemeji yake Placide, mdogo wa Isidore: "Mulamu, mi sitaki kumuona ule mutoto mbele yangu."

"Na mimi vilevile," Placide alisema. "Tumuue, yaishe."

Lakini matanga yalivyoendelea Marthe alikuja kugundua kwamba kuna kitu anachokitaka kuliko chochote. Isidore na yule kijana walikuwa wawili tu shambani. Walisema nini? Isidore alianguka mara moja, au alikaa kitako akaita? Alimtaja mtu? Hakuna mwingine duniani aliyejua. Akamtumia Wilondja neno: atakuja kumsikiliza.

Siku iliyopangwa, watu wa mlimani waliposhuka na mtamba wao mwekundu, walikuta gari la Serikali limesimama mbele ya lubunga. Mtu alikuwa amepeleka habari. Afisa aliyetoka garini hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba kesi ya damu ni ya Serikali, na anayeikata kijijini anavunja sheria. Askari wakamfunga Gakunzi mikono, wakampandisha.

Marthe alimtazama Wilondja, akamwona ametazama chini, na alijua sababu.

Zamani za Wabelgiji, baba yake Marthe ndiye aliyekuwa msemaji wa lubunga ile. Wazungu walikuwa wamewateremsha watu kutoka vilimani na kuwapanga kando ya barabara, wawahesabu na kuwalimisha pamba. Waliweka machifu waliowataka na mahakama ya kijiji kwa mambo ya kuku na mahari, wakasema kesi za damu zitakuwa zao. Watu wa mlimani hata mahakama hiyo ndogo hawakupewa; mwenye shauri alilipeleka kwa chifu wa wengine. Ikatokea mwindaji mmoja alimchoma mwenzake mkuki akidhani ni mnyama, na baba yake Marthe akaikata kesi. Jamaa mbili zilikula pamoja, mambo yakatulia. Mzungu alipopata habari alikuja kuifungua upya. Jamaa zote mbili zilimwomba aiache, akakataa. Mwindaji alipelekwa mbali, hakurudi. Baba yake Marthe alilazwa mbele ya lubunga, mbele ya wanawake, akachapwa kiboko. Marthe alikuwa mdogo. Alimwona baba yake akiinuka na kuingia nyumbani kwa mwendo wake wa kawaida, kisha akalala kifudifudi na kukataa kula. Hakusema tena lubungani maisha yake yote. Wilondja, kijana wakati huo, alikuwa mmoja wa walioamriwa kumshika miguu.

Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, sheria ile ikabaki.

"Baba Wilondja," Marthe aliita, wanaume wote wakimsikia, "anaenda! Hajasema! Mwambie aseme kwanza!"

Mzee hakuinua macho. Gari liliondoka. Mtamba mwekundu aliachwa amefungwa kwenye nguzo mpaka Mukarurangwa alipokuja kumfungua, akarudi naye mlimani.

Kesi ilipelekwa mjini, mwendo wa lori kupita Nundu na Makobola. Marthe aliitwa mwanzoni mwa mvua. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Ndani ya mahakama walisema Kifaransa, na karani aliyekuwa akitafsiri alitafsiri maneno aliyoulizwa Marthe peke yake. Uliolewa naye lini? Panga lilikuwa la nani? Mliwahi kugombana na watu hawa kabla? Gakunzi alisimama upande wa pili, amekonda, miguu mitupu. Marthe alipoambiwa amemaliza, hakuondoka.

"Mi niko na swali kwa ule mutoto," alisema.

Karani alimwambia jaji. Jaji alijibu kwa upole, na karani akatafsiri: "Mama, sheria hairuhusu. Kama ungekuwa na mwanasheria angeweza kuuliza, lakini swali lenyewe haliingii katika kesi. Walichosema si kitu. Kitu ni alipigaje."

"Kwangu njo kitu," Marthe alisema, lakini hilo halikutafsiriwa. Kesi iliahirishwa.

Nje ya gereza alimkuta Mukarurangwa. Alikuwa ameweka mafiga matatu kando ya ukuta na chungu cha maharage, kwa sababu mfungwa asiyepikiwa na ndugu zake anakufa njaa. Alikuwa akiishi pale, chini ya turubai, pamoja na wamama wengine. Nguo yake ilikuwa imefifia hata maua yake hayakuonekana tena. Marthe alitaka kupita. Mvua ikamwagika, na mahali pakavu palikuwa pale tu. Walikaa bega kwa bega chini ya turubai.  Baadaye Mukarurangwa alipakua maharage kwenye kifuniko, akaweka katikati yao. Marthe aliyatazama mpaka yakapoa. Mvua haikukoma, na hakuwa amekula tangu Nundu. Akala.

"Alikataa kutoroka," Mukarurangwa alisema, akitazama mvua. "Bajomba yake walitaka kumupeleka mbali. Akasema, mama, nikitoroka nitakuwa natoroka siku zote."

"Atasema?" Marthe aliuliza.

"Siku yoyote bakimufungulia, atasema. Namujua."

Kesi iliahirishwa tena, na tena, mpaka vita vikaja. Mwezi wa tisa mwaka 1996 watu wa mlimani waliokuwa wakiishi kando ya ziwa waliwindwa na kuuawa, na wa kwao wenye bunduki walipofika, Wabembe wa bondeni nao wakakimbia. Marthe na Aline walivuka ziwa usiku wa pili wa mapigano wakiwa na sufuria na blanketi moja, wakaishi kambini Tanzania. Magereza yalifunguliwa na kila aliyeweza kutembea alitoka. Karatasi za kesi ya Isidore, kama zilikuwapo, hakuna aliyeziona tena.

Mobutu alipoanguka, Marthe alirudi Lubondja. Aline alibaki kambini, alikuwa ameolewa huko. Nyumba ilikuwa kuta tupu, lubunga imechomwa. Wanaume waliosalia walikuwa wamesimamisha nguzo upya na kuezeka majani machache. Placide alikuwa amejiunga na vijana wa kijiji waliobeba silaha. Walisema wanalinda kijiji.

Kiangazi cha 1998 Marthe alikuwa akipalilia muhogo aliposikia mtu akikohoa kwa adabu, kama afanyavyo mtu anayebisha hodi. Aligeuka. Gakunzi alikuwa amesimama nje ya mpaka wa shamba. Alikuwa amekuwa mwanamume. Hakuwa na bunduki. Hata fimbo ya kuchungia hakuwa nayo.

"Mama Aline," alisema, "naomba usilie kwa nguvu. Bakinisikia bataniua."

Marthe hakulia. Jembe lilimtoka mkononi.

"Nimekuja kusema," Gakunzi alisema. "Mama alinituma, lakini hata asingenituma ningekuja. Silali. Ile siku baba Isidore—"

"Nyamaza!"

Kijana alinyamaza.

 Miaka yote ile Marthe alikuwa amelitaka neno hilo, nalo lilikuwa limefika, limesimama kwenye mpaka wa shamba lake. Lakini alikuwa mtoto wa baba yake. Neno linalosemwa shambani kati ya watu wawili haliponyi mtu. Placide asingelisikia, wazee wasingelishuhudia, na kijana huyu angebaki muuaji wa Isidore mpaka kufa, na watoto wake nyuma yake. Alitaka lisemwe penye moto, pande zote zikisikia, limalizike.

"Usiseme hapa," alimwambia. "Rudi kwa mama yako. Mi nitaongea na bazee. Kuja siku ya Jumamosi, baada ya soko ya pili, kuja na bajomba yako. Utasema lubungani. Nitakupa maji."

Gakunzi aliinua uso. "Utanipa?"

"Nitakupa."

Akapiga magoti pale kwenye majani makavu, akainamisha kichwa, kisha akaondoka kwa njia ya juu.

Wilondja alikubali. Alikuwa amezeeka sana, na Marthe alimwona akifuta macho. "Safari hii," alisema mzee, "hata bakuje na gari kumi, mutoto atamaliza kusema." Placide aliambiwa kama mdogo wa marehemu anavyopaswa kuambiwa. Hakukataa. Aliuliza tu watapita njia gani.

Kabla ya Jumamosi hiyo vita vya pili vilianza. Habari zilienea kwa redio na kwa wakimbizi, kwamba jeshi la mashariki limeasi na watu wa mlimani wako pamoja nalo. Kijiji kilikuwa kinafunga mizigo. Marthe alidhani hakuna atakayeshuka. Nani angeshuka siku kama hizo? Hata hivyo Jumamosi asubuhi alifagia mbele ya nyumba, akachota maji, akayafunika.

Gakunzi alishuka. Wajomba walikuwa wamekataa kumsindikiza, kwa hiyo alikuja peke yake na mtamba. Placide na wenzake walimngojea kwenye kivuko cha mto, wakamuua kwa mapanga, wakamtupa majini. Mtamba walimchinja.

Marthe alijua alipoona watu wakipita na nyama.

Alikwenda mpaka mtoni. Mawe yalikuwa bado hayajakauka damu. Alitembea akifuata maji mpaka mahali ambapo mto unaingia kwenye mabingobingo na mtu hawezi kuendelea, akiita, "Gakunzi! Gakunzi!" kana kwamba ni mtoto wake amechelewa kurudi. Hakuuona mwili.

Placide alimkuta njiani akirudi.

"Mulamu, nimekulipizia," alisema. "Isidore anaweza kulala sasa."

"Nilimwita mimi," Marthe alisema. "Alikuja kwa neno yangu. Umeua muntu ndani ya neno yangu."

"Ni adui."

"Alikuwa anakuja kuwa mutoto wangu."

Placide alimcheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka aliyechanganyikiwa, akampita.

Tangu siku hiyo Marthe hakumpakulia chakula. Alimwendea Wilondja, akadai lubunga ikae: sasa nyumba yake ndiyo yenye deni la damu, na ndiyo inayopaswa kupanda mlimani. Mzee alisema wangoje vita vipoe. Havikupoa. Mwisho wa mwaka habari za Makobola zilifika. Watu wengi sana waliuawa huko na jeshi lile la waasi, na binti wa Wilondja, aliyekuwa ameolewa kule, alikuwa mmoja wao pamoja na watoto wake. Marthe alipokwenda kumpa pole, mzee alimshika mkono, akasema kabla hajaulizwa:

"Mutoto wangu, siwezi. Najua ni haki. Siwezi kukaa pa moto nisikie kilio yao. Moyo imekataa. Unisamehe."

Marthe aliketi karibu naye, wakalia wote wawili, kila mtu na wake. Mzee alikufa mvua zilipokatika.

Vita vilipoitwa vimekwisha, Marthe alikuwa akiishi mjini Baraka, kando ya ziwa, akikausha ndagala, yaani dagaa, na kuziuza. Placide alikuwa ameingizwa jeshini na kupewa cheo. Alipita mjini kwa gari. Kulikuwa na ofisi mpya ya kuwasaidia watu mambo ya sheria, na ndani yake mwanasheria mmoja kijana, Tania, mtoto wa Bukavu. Marthe alimsimulia yote. Tania aliandika, kisha akaacha kuandika akawa anasikiliza tu.

"Mama," alisema mwishoni, "mwenye kulalamika anapaswa kuwa jamaa ya aliyeuawa, na mwili haukuonekana. Hata tukimpata shahidi, watasema ni tendo la vita, na kuna msamaha kwa matendo ya vita. Nitajaribu. Sitaki kukudanganya."

Alijaribu kweli. Alikwenda mpaka Uvira, akarudi mikono mitupu, na muda si mrefu alihamishwa.

Basi Marthe alipanda mlimani mwenyewe, na chumvi na ndagala kichwani, kwa njia ambayo watu wa kwao walikuwa hawajaithubutu tangu vita. Watu waliokutana naye walimshangaa, lakini mwanamke mzee peke yake hatishi. Alimkuta Mukarurangwa mlangoni kwake, akiwa amepofuka jicho moja. Walitambuana mara moja.

Marthe hakukaa. Alisema akiwa wima, kama lubungani: jinsi kijana alivyokuja shambani, jinsi alivyomkatiza, siku aliyompa, kivuko, mto. Alitaja jina la Placide. Mukarurangwa alisikiliza bila kumkatiza.

"Nilijua amekufa," alisema. "Siku ile sikujua. Lakini mutoto yule, kama angekuwa hai, angerudi kuniambia umemupa maji." Kisha akauliza: "Na ule Placide, iko wapi?"

"Iko mujini. Ni mukubwa sasa. Amekataa kuja."

"Mi nilikuletea wangu," Mukarurangwa alisema. "Nilimushika mukono, nikamuleta."

 Marthe alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Mukarurangwa hakumwinua, wala hakumfukuza. Baada ya kitambo aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika barazani, akamwambia alale, kwani njia ni ndefu. Hakumpa maziwa. Asubuhi alimsindikiza mpaka pale ambapo mlima unaanza kushuka, akaichukua ile chumvi, zile ndagala akamrudishia, akisema watu wa kwake hawazili.

Marthe alirudi kila kiangazi njia ilipokuwa wazi. Walikaa barazani, wakizungumza habari za ng'ombe, magoti, wajukuu wa Marthe walioko kambini. Kesi hawakuitaja tena. Hakuna aliyesema imekwisha.

Kisha mapigano yakaanza upya kati ya mlima na bonde, njia ikafungwa, na mfanyabiashara wa maharage akamletea Marthe habari sokoni Baraka kwamba Mukarurangwa amefariki na amekwisha kuzikwa. Marthe alifunga biashara yake. Alinyoa nywele, akatandika mkeka nje, akaketi chini, kama mtu aliyefiwa na ndugu. Majirani walianza kuja na kuni na unga, wakauliza nani amekufa. Aliwaambia jina. Wengine waliweka kuni chini, wakakaa kidogo, wakakumbuka kazi zao. Wengine waligeuka na kuni zao kichwani.

Aline, aliyekuwa amerudi kutoka kambini mwaka ule, ndiye aliyebaki naye. Aliwasha moto, akapika bugali, akamsogezea mama yake bakuli. Marthe alisema atakula baadaye. Kila mtu aliyepita barabarani aliwasalimu, nao waliitikia, mpaka giza likaingia na watu wakaacha kupita.